Ndege Iliyoondoka Bila Mimi

Likasi, tarehe 16 Novemba

Yaya Colette, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Symphorien. Je, mgongo wako umepoa? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za kazini ukishika ukuta, na tangu hapo nakuwaza kila ninapoinama kufua. Sisi hapa tunaamka salama. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini anamaliza sahani yake ya bukari na kuomba nyingine. Mvua ndiyo inayotusumbua. Ilinyesha mara mbili mwezi wa kumi, ikakata, mahindi yakaota na kukauka, tumepanda upya. Wanaotoka Mwadingusha wanasema maji ya ziwa linalotupa umeme yako chini, na umeme unakuja unavyotaka wenyewe.

Barua hii ataileta Elikia wa kanisani kwetu, anayepanda ndege Jumanne. Utashangaa kushika karatasi badala ya kusikia simu. Ni Baba aliyeamua. Alisema simu imekwisha kubeba uongo kati yetu, basi ukweli utafute njia nyingine. Nimeianza mara tatu. Nikiandika mistari mitano nainuka, natoka uani, nafagia mahali nilipokwisha kufagia, narudi. Hata ibadani siwezi kukaa. Natoka katikati ya mahubiri kama mtu aliyeacha chungu motoni. Uvumilie mwandiko wangu.

Unajua kwamba sikufika kwenye ndoa ya Shekina, binti yako niliyemlea, mwezi wa nane, na unajua sababu niliyokupa. Sasa nisikilize tangu mwanzo.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa tatu huu nazunguka vijiji vya upande wa Kambove kuwaomba wachoma makala, makaa ya kupikia, wasiimalize miti. Nawaeleza kwamba moshi unaongeza joto la dunia, joto linavuruga mvua, na mvua ikivurugika njaa inaingia kwao kwanza. Mwezi wa tano, katika kikao, alisimama mama mmoja anayeitwa Mimi, mjane mwenye watoto wanne, mikono myeusi hadi viwikoni. Aliongea kwa upole kabisa. Alisema: “Mama Suzanne, minye ninachomaka makala, weye unapandaka ndege. Kati yetu wawili, ni nani iko anaharibu mvula zaidi?” Wenzake hawakucheka. Walikuwa wananingojea. Nilisema jibu nitalileta kikao kijacho.

Nilirudi ofisini nikaketi na Cédrick, mhandisi wetu. Katika mwaka mmoja nilikuwa nimepanda ndege mara nne kuja huko Kinshasa kwa semina, na mara moja nilikwenda Ulaya, siku tatu, ili niongee dakika kumi na tano juu ya miti ya Kambove. Tulikadiria. Fungu langu la moshi kwa safari moja ya Kinshasa, kwenda na kurudi, lilikaribia moshi wa magunia mawili ya makala yakiungua jikoni. Ile ya Ulaya ilipita magunia kumi. Gunia moja linamtosha Mimi kupika mwezi mzima. Cédrick alinikumbusha kwamba tanuru la makala nalo lina moshi wake, tena kuna miti inayokatwa. Ni kweli. Lakini Mimi hana jiko jingine, na kwa upande wangu, zile semina nyingi zingeweza kufanyika kwa simu siku ambayo umeme upo.

Kikao kilichofuata niliwapa hesabu hiyo yote bila kuficha. Ningeishia hapo, yaya, leo nisingekuwa naandika. Lakini nilipoona wanavyonitazama, niliongeza kwamba sitapanda ndege tena, na kwamba hata kwenye ndoa ya mtoto wangu nitakwenda kwa treni na boti. Watu arobaini walipiga makofi. Niliyapenda makofi yale. Nilitembea nayo hadi nyumbani.

Wakati huo tiketi yako ilikuwa imekwisha kunifikia, ya ndege ya Alhamisi kutoka Lubumbashi. Nilikushukuru kwa simu wala sikukuambia neno. Nilitaka nifike mlangoni kwako na vumbi la nchi nzima miguuni, ndipo nikueleze. Baba, ambaye alifanya kazi ya reli miaka thelathini, alinisimulia jinsi walivyokuwa wakisafiri hivyo zamani, treni hadi Ilebo, boti hadi Kinshasa, na ilikuwa njia ya kila mtu. Kisha akasema sasa si zamani, niongeze siku. Niliondoka siku kumi na sita kabla ya ndoa na nikaona nimeongeza nyingi.

Siku za kwanza nilifurahi, nisikufiche. Nilikaa dirishani karibu na mzee mmoja, Théophile, muuza samaki wakavu, aliyekuwa akinitajia jina la kila stesheni kabla hatujaifika. Niliiona nchi ambayo juu ya mawingu huwa naipita nimelala. Tulifika Kamina, tukaambiwa njia inatengenezwa mbele yetu. Siku tano. Watu walipika kando ya reli, mama mmoja alijifungua katika behewa la nyuma, nasi tukamwimbia. Nami nilikuwa natembea kutoka kichwa cha treni hadi mkia, nikihesabu siku kwa vidole. Tuliondoka, tukasimama tena siku tatu karibu na Mwene-Ditu. Kananga tulifika Jumatano. Habari ya Kananga nitaisema mbele. Hapa bado siwezi. Ilebo tulifika Ijumaa jioni, na mtoto wetu alikuwa anaolewa Jumamosi.

Mto ulikuwa umepungua. Boti kubwa ilikuwa imekaa juu ya mchanga, na wenye boti walisema labda wiki ijayo, na baada ya hapo siku nane au kumi za njiani. Jumamosi, saa mliyokuwa mnaingia kanisani, nilifungua begi nikavaa kikwembe, kitenge kile cha familia ulichonitumia, nikafunga na kilemba. Nilisimama pale bandarini kati ya madumu ya mafuta ya mawese. Wauza mihogo waliniuliza nani anaolewa. Nilisema ni mtoto wangu. Waliuliza yuko wapi, nikawaonyesha mto.

Ndipo nilipokupigia simu na kusema niko Likasi, malaria imeniangusha. Uliniuliza ni nani ananipikia uji. Baadaye shemeji alinieleza kwamba mchungaji alisimamisha sherehe, watu mia mbili wakainama kuniombea, na Shekina akaacha kiti kimoja wazi karibu yake, akikataa mtu yeyote kukikalia. Yaya, nilikuwa mzima kama ng'ombe. Ulipompigia Baba kwa simu ya jirani, aliguna tu, ukadhani ni wasiwasi wa ugonjwa. Ilikuwa aibu ya uongo wangu. Tangu siku ile hajaniita kwa jina langu. Ananiita “mama wa treni”.

Sasa Kananga. Ungeweza kusema nilikosea hesabu, safari ikanishinda, na ningekuachia useme hivyo. Sivyo. Kuna ndege inayotoka Kananga kwenda Kinshasa, na ya Alhamisi ilikuwa na nafasi. Niliingia kwenye ajansi ya tiketi, nikakaa kwenye kiti, dada wa pale akaniandikia jina langu, Suzanne Mbombo, akaniuliza nathibitisha. Nilijua tayari kwamba kwa boti sifiki. Mtoto wa darasa la tatu angejua. Nilimfikiria Shekina, aliyelala kitandani kwangu miaka sita ulipokuwa masomoni. Kisha nikawafikiria wale watu arobaini wa Kambove, na Mimi akisikia kwamba nimepanda. Nikaona naogopa zaidi kicheko chao kuliko machozi ya mtoto. Nilimwambia yule dada nitarudi, nikatoka, nikapanda treni ya Ilebo. Moshi haikuwa sababu. Mvua haikuwa sababu. Ndege ile iliruka vilevile, na kiti changu cha Lubumbashi nacho kiliruka kitupu.

Niliporudi niliwasimulia kikaoni. Nilidhani watanisifu, au watacheka. Mimi aliweka gunia lake chini, akasema: “Minye nilikuuliza juu ya zile safari za kazi. Ile ndiyo ungeacha. Mutoto iko anaolewa, unamufikia hata na ndege. Sasa umetubebesha deni la mutoto wako, na sisi hatukuliomba.” Hakuna aliyepiga makofi.

Nimeandika ofisini kwamba semina za Kinshasa nitazifuata kwa simu. Mbili zimepita hivyo. Moja ilikatika katikati, nyingine ilikwenda vizuri. Za Ulaya nimezikataa kabisa. Na treni sikuichukia, yaya. Siku ikitembea inavyopaswa nitaipanda tena na Baba, kama hakuna anayetungoja kwa saa. Lakini mambo haya siyasemi tena mbele ya watu ili wanitazame.

Nakuomba umsomee Shekina barua hii yote, usiruke Kananga. Tangu ndoa hajibu simu zangu, labda ameshahisi uongo, na sitamlazimisha. Nimesikia kutoka kwa shemeji kwamba ana mimba ya miezi miwili. Akikubali kuniona, yeye ndiye aseme siku na njia. Akisema treni, nitaondoka mwezi mzima kabla. Akisema ndege, nitapanda ndege, na wa Kambove nitawaaga mwenyewe nikiwatazama machoni.

Msalimie shemeji, na umshukuru mchungaji kwa maombi ambayo sikustahili. Baba anakusalimu, amesimama mlangoni, anauliza kama nimefika mahali pa Kananga. Nimemwambia nimefika. Bwana awalinde nyote, na mgongo wako upumzike.

Mdogo wako asiyetulia,

Suzanne Mbombo