Mama Amechanja, Lakini Si kwa Ajili Yangu

Korogwe, Jumapili usiku. Mvua ya vuli ilianza alfajiri na mpaka sasa haijakatika sawasawa. Inapumzika, kisha inakumbuka. Nimeketi katika chumba nilichokuwa nikilala nilipokuwa msichana, na moyo wangu hauko mahali pake. Ningependa kuandika kwamba nimechoka na safari. Si uchovu.

Ni wivu. Nimelizunguka neno hilo tangu mchana nikitafuta jingine lenye heshima zaidi, na sikulipata.

Mama amechanja.

Ninyi mnaosoma blogu hii, na mnaojua nilivyohangaika mwaka huu, mtadhani leo ni siku ya furaha. Mama anakaribia miaka sabini, ana kisukari, na kifua chake hubana kila baridi inaposhuka kutoka milimani. Tangu korona ilipoingia nchini nimeishi na hofu moja: kwamba nitapigiwa simu nikiwa Handeni, na kwamba nitafika Korogwe nimechelewa. Kwa hiyo nilimsihi. Nilimshonea barakoa za kitambaa. Nilimwekea mlangoni ndoo ya koki na sabuni. Chanjo ilipofika nilimweleza kwa utulivu, hatua kwa hatua, jinsi inavyofanya kazi na kwa nini watu wa umri wake ndio walio hatarini zaidi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni, halafu akasema, "Nitafikiria, mwanangu."

Akaendelea kufikiria.

Kisha Zuhura, mke wa mdogo wangu, alizungumza naye mara moja tu, na Ijumaa Mama akaenda kudungwa sindano.

Huenda kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Siku hizi nazunguka Handeni, sokoni na vijijini, nikiwauliza watu wazima wa kila rika ni kitu gani kinachowasukuma kujikinga na maambukizi, au kutojikinga. Nimesikia mengi. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Dada, mimi korona siiogopi. Ila walimu hawapandi pikipiki ya mtu asiye na barakoa." Mwenzake akadakia, "Mwongo huyo! Anavaa kuficha pengo." Mwanamke wa rika langu, muuza mahindi, alisema hana ruhusa ya kuugua, kwani akilala yeye nyumba nzima inalala. Na mzee mmoja anayesokota kamba za katani alinijibu bila kuacha kusokota. "Kufa siogopi, mwanangu, nimeshazika wenzangu wengi. Naogopa kuzikwa na watu waliovaa mifuko, wasiojua hata jina la baba yangu."

Kutokana na majibu kama hayo nilikuwa nimeanza kujenga hitimisho: kijana hulinda riziki yake, mtu wa makamo huwalinda wanaomtegemea, mzee hulinda heshima yake ya mwisho. Ni hitimisho linalopendeza. Hadi leo asubuhi nililiamini kwa kiasi fulani.

Nilifika nyumbani saa nne, nimelowa. Nilimwamkia Mama nikiwa ukingoni mwa baraza, bila kumpa mkono, kama nilivyozoea tangu ugonjwa ulipoanza. Alikuwa kibarazani amekunja mkono wa gauni hadi begani ili kila anayepita aone plasta ndogo aliyobandikwa. Zuhura, ambaye mimba yake imeshuka na hana muda mrefu kabla ya kujifungua, alikuwa akichambua mchele.

"Wifi, karibu! Mama yako siku hizi hashikiki. Kachanja kabla ya mwenyekiti wa mtaa."

"Mwenyekiti mwoga wa sindano," Mama akasema. "Tulimwacha getini anajifanya anaongea na simu."

Wote wawili walicheka. Barakoa ina faida zake: hakuna aliyeona kwamba mimi sikucheka.

Chakula cha mchana kilinimaliza kabisa. Katika nyumba yetu watu hula kwenye sinia moja. Anayetengewa chakula ni mgeni, au mgonjwa. Tangu janga lianze nimekuwa nikija na sahani yangu kutoka Handeni na kukaa nayo karibu na mlango, na kila mara Mama ameitazama sahani hiyo kana kwamba nimeingia ndani na viatu vyenye matope. Leo nilimwona Mama mwenyewe akimpakulia Zuhura kwenye sahani ya peke yake, akaifunika kwa kawa na kumsogezea. "Mjamzito hachanganyi mkono na sisi tunaoshinda sokoni," alisema.

Hayo ni maneno yangu! Niliyasema katika baraza hiyohiyo, na hakuna aliyeyajibu.

Tulikula hivyo: Zuhura na sahani yake, mimi na yangu mlangoni, na Mama katikati, peke yake kwenye sinia linalotosha watu watano.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimuuliza Zuhura, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kitaalamu, alimwambia Mama nini hasa.

"Sikumwambia chochote cha maana, wifi. Si unajua mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake? Nilimwambia mimi ningependa nijifungulie hapa, hospitali iko karibu. Ila kama yeye hachanji, basi naenda kwetu Mazinde. Mama yangu ameshachanja na maji ya kukandia ameshaniwekea kuni." Akasuuza sufuria huku akijizuia kucheka. "Kesho yake naamka, namwita Mama, Mama hayupo. Yuko kwenye foleni!"

Kumbe ndivyo. Si takwimu, si kifua chake, si simu ninayoiogopa mimi. Ni kwamba kuna mwanamke mwingine Mazinde ambaye angemshika mjukuu huyo kabla yake, angemwogesha, angemkanda mzazi kwa maji ya moto kila asubuhi mpaka arobaini iishe, na angemwimbia mtoto nyimbo ambazo si zetu. Mama alichanja kwa wivu.

Nilitaka kukasirika kwa niaba ya elimu. Nilijiambia kwamba uamuzi uliofikiwa kwa njia hiyo si uamuzi, kwamba mtu anapaswa kujikinga kwa kuelewa. Lakini hasira yangu haikuwa ya kisomi hata kidogo. Nilikuwa nikijiuliza tu Zuhura ana nini ambacho mimi sina.

Nikamfuata Mama jikoni.

"Mama, mimi nilikusihi muda wote ule. Kwa nini hukunisikia?"

Hakushtuka. Alikuwa akipanga kuni pembeni ya figa, akichagua zilizokauka.

"Nilikusikia. Uliniambia nitakufa. Kila ulipokuja uliniambia hivyohivyo, umesimama mlangoni na sahani yako kama mgeni. Ukanifanya mgonjwa kabla sijaugua."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Na Zuhura aliniambia kuna mtoto wa kuogeshwa."

 Mvua iligonga bati, na nilidhani mazungumzo yamekwisha. Ndipo akasema, bila kunigeukia, "Wa kwako aliogeshwa na bibi yake wa Mwanza."

Mwanangu ana miaka kumi na mitano sasa, sauti yake imekuwa nzito. Alizaliwa Mwanza kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi huko, mimba ilikuwa na matatizo na daktari alinikataza kusafiri. Mama mkwe wangu ndiye aliyenikanda. Nilimpigia Mama simu siku ileile, naye akasema la muhimu ni mtoto kuwa mzima. Alisema kwa furaha. Hivyo ndivyo nilivyosikia, na hivyo ndivyo nilivyokumbuka miaka yote.

"Hukuwahi kuniambia, Mama."

"Ningekwambia nini? Daktari alikukataza. Mtoto mzima, mama mzima, mimi nilie nini?" Akaweka ukuni wa mwisho. "Ila beseni nilikuwa nimeshanunua."

"Beseni gani?"

Alielekeza kidevu chake kwenye kona. Pale lilikuwa beseni la kijani ambalo kwa miaka yote hiyo nimelijua kama beseni la vitunguu. Nimechukua vitunguu humo mara ngapi, sijui. Leo lilikuwa tupu, limesuguliwa kwa majivu mpaka rangi yake ya zamani imerudi.

Nilitoka jikoni nikaja kukaa humu.

Sasa najaribu kufikiri kama nilivyofundishwa, na nashindwa. Orodha yangu ya maswali inauliza kuhusu hofu, imani, gharama na umbali wa kituo. Haina swali linalomuuliza mtu anamwonea nani wivu. Je, niliongeze? Nikiwa mkweli, mama mmoja na jiko moja havithibitishi kitu, na mtoto anayetafuta faraja ni mtafiti mbovu. Inawezekana pia Mama alikuwa ameshaamua kimoyomoyo, akasubiri tu sababu isiyomtangaza kuwa mzee. Inawezekana yule mzee wa kamba naye ana binti anayesimama mlangoni. Sikumuuliza. Nilipata jibu lililofaa rika lake, nikaridhika, nikaenda kwa mwingine.

Na mimi je? Nilipochanja, wenzangu waliniuliza sababu nikasema ni kwa ajili ya Mama. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kuwa mtu aliyemwokoa. Sikutaka tu Mama awe salama. Nilitaka awe salama kupitia kwangu. Ndiyo maana Ijumaa, Zuhura aliponipigia simu na habari njema, nilimshukuru Mungu kwanza, halafu nikamchukia Zuhura, na kati ya hayo mawili hapakuwa na nafasi hata ya kuvuta pumzi.

Chakula cha usiku tulikula mapema, barazani, upepo wa mvua ukipita. Zuhura alikuwa ameshajilaza. Nilinawa kwa sabuni kwenye ile ndoo yangu. Mama akaweka sinia chini, akakaa. Nilisimama mlangoni na sahani yangu mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona ukubwa wa sinia lile kwa mtu mmoja.

Sikuthubutu kula naye mkono mmoja. Nimeshinda wiki nzima kwenye makundi ya watu, na sindano ya juzi haijapata muda wa kumkinga; hilo bado naliamini, hata kama nimeacha kuamini mengine. Nilichofanya ni kusogea, nikakaa upande wa pili wa sinia, nikaiweka sahani yangu ndani yake, ukingoni.

Mama aliitazama. "Sasa hii ndiyo nini?"

"Ndiyo mimi, Mama."

"Msomi," akasema, akatikisa kichwa. Kisha akachota mchuzi kwa upawa, akaumimina kwenye sahani yangu bila kuigusa. "Zuhura akijifungua uje. Kuna maji ya kubeba, na mkono huu bado unauma."

Kesho asubuhi narudi Handeni na maswali yangu. Nitamtafuta yule mzee wa kamba, kama atakubali kuulizwa tena. Zuhura akijifungua nitaomba likizo nije kubeba maji, na nitakuwepo Mama atakapomlaza mtoto huyo kwenye beseni lililokuwa la mwanangu. Najua fika kwamba nitaumia.

Kwa hiyo wivu haujaondoka. Angalau sasa najua nimeurithi kwa nani.