Kopo la Sukari Juu ya Kabati

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinichoke, kwa sababu sijui kusema jambo hili kwa kifupi, na nikilisema kwa kifupi utadhani ni mzaha, maana chanzo chake ni sukari.

Mume wangu ni fundi wa kuezeka mabati, au niseme alikuwa, mkono wangu bado unakataa kuandika hivyo. Alianguka kutoka kwenye paa la ghala kabla mvua hazijaanza, akaangukia mgongo, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake, ukimfinya kidole cha mguu anakutazama usoni kuona kama umeshamfinya. Alikuwa mtu wa maneno, mshauri, mtu wa kujisifu kwa utani, akisema mvua ikiona paa aliloezeka yeye inapita kando. Akirudi kazini jambo la kwanza ni chai, na sukari anajaza mpaka nikawa namwambia hicho si kinywaji ni adhabu, naye ananijibu kwamba mtu aliyekaa juu ya bati la moto mchana kutwa haulizwi vijiko vya sukari.

Tuliporudi naye kutoka hospitali mama yake alihamia kwetu, na ni mama mwema, sitaki umwone vibaya, ndiye anayemgeuza na kumsafisha nikiwa kazini, na mgongo wake mwenyewe si mzima. Lakini jioni ile ile ya kwanza alichukua kopo la sukari, akalifunga kwa kitambaa, akaliweka juu ya kabati, akatuita mimi na wifi yangu tunayekaa naye na binti yangu mdogo, akasema ameweka nadhiri mbele ya Mungu kwamba nyumba hii haitaonja kitu kitamu mpaka mwanawe asimame kwa miguu yake. "Mungu akiona tumeacha kile mwanangu anachokipenda kuliko vyote," alisema, "atatuonea huruma." Nikasema amina, ningesema nini, na mume wangu amelala nyuma ya pazia anasikia.

Basi ikaanza sukari, ikafuata redio, kisha tukaacha kukaa mlangoni jioni kupunga upepo kwa sababu yeye hawezi kukaa mlangoni, wifi yangu akaacha kusuka nywele, pasi yangu ikasukumwa chini ya kitanda kwa sababu mama mkwe alisema nyumba yenye mgonjwa haihangaikii mikunjo ya nguo, na mtoto akicheka anaambiwa "shhh, baba yako anaumwa." Na yeye mwenyewe mgonjwa analetewa chai ile ile chungu, anainywa yote, anarudisha kikombe.

Sasa sikiliza kinachonikaba. Tulipomrudisha hospitali kuangaliwa, daktari aliniita pembeni kwenye ukumbi, mama mkwe akiwa amebaki na mgonjwa, akaniambia, "Mama, miguu haitarudi. Anzeni kumzoesha kiti cha magurudumu." Akasema mengine, mimi sikuyasikia, nilikuwa natazama kalamu mfukoni mwake. Nikarudi walipo, mama mkwe akauliza, "Amesemaje?" nami nikasema, "Amesema tuwe na subira." Mpaka leo sijamwambia mtu. Unaona nilipokwama, mshauri? Nadhiri inasema mpaka asimame, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hatasimama, kwa hiyo mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba kopo lile halitashuka, na kila asubuhi nalitazama huku mama mkwe akimwaga chai na kusema "leo naona ana nafuu."

Halafu kuna aibu yangu. Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, kazi yangu ni mashuka na foronya za wageni, na kuna saa ya asubuhi ambapo mashuka yananijia kwa wingi na mvuke umejaa chumba, nami nikimaliza kunyoosha shuka, kabla sijampa mwenzangu alikunje, naliinua naliweka usoni. Linakuwa na joto. Linanukia sabuni na jua. Nasimama hivyo mpaka mwenzangu anakohoa. Kisha tunakunywa chai yetu ya tangawizi, naye ananitilia sukari bila kuniuliza, nami naimeza yote, na nakuapia kwamba kwa muda ule sina mume mgonjwa, sina mama mkwe, sina daktari. Wanawake wengine wana mabwana wa kando, mimi nina kikombe, lakini narudi nyumbani nikiinamisha kichwa kama wao.

Watu wananiambia nishukuru. Jirani anasema shukuru yu hai, wifi anasema shukuru ana akili zake, msimamizi wangu anasema shukuru una kazi, na mimi naitikia asante kwa mdomo tu. Vitu ninavyoweza kuvishukuru kwa moyo wangu wote ni viwili tu, lile shuka na kile kikombe, na hivyo ndivyo ninavyoviiba.

Wiki iliyopita nilipomwinamia mume wangu nimwegemeze kwenye mto, alinusa, akasema polepole, "Umekunywa chai ya tangawizi." Nikaendelea kuupanga mto. Akauliza, "Ilikuwa na sukari?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Sawa," akageuzia uso ukutani.

Kisha juzi jioni tumekaa na vikombe vyetu, binti yangu akatazama juu ya kabati akauliza, "Bibi, baba akifa ndiyo tutatia sukari?" Bibi yake alimchapa kofi, halafu yeye mwenyewe akafunika uso kwa khanga akalia. Mshauri, kati yetu na kitanda cha mume wangu kuna pazia tu. Tangu jioni ile hali chakula. Ukimpelekea uji anaonja kijiko kimoja anasema ameshiba, na hana ugomvi na mtu, ndilo linaloniogopesha.

Nifanye nini? Niache chai ya kazini, labda nadhiri haifanyi kazi kwa sababu yangu? Nikimwambia mama mkwe ukweli naona kama nitamzika pamoja na mwanawe, na nikinyamaza mtoto wangu atakua anasubiri baba yake afe apate sukari. Nimefikiria kumchukua binti yangu niende kwa dada yangu nisirudi, na sentensi hii nimeifuta mara mbili kabla ya kuiacha. Nimeishiwa.

Mimi, Mpiga Pasi

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Pasi, pole. Naitanguliza pole kwa sababu nikishaanza kukusema sitapata nafasi ya kuirudia.

Sitakwambia ushukuru. Wameshakwambia wengi, na naona kila mmoja alikuwa amekunywa chai yenye sukari kabla ya kukwambia. Tena wewe hujashindwa kushukuru hata kidogo. Mtu anayesimama na shuka la moto usoni mpaka mwenzake akohoe, huyo anashukuru, ila amefundishwa kuiita shukrani yake wizi.

Sasa nikuseme. Nyumba ya watu wazima watatu imemnyima sukari mtu aliyevunjika mgongo. Mgongo na sukari vina undugu gani? Daktari aliikataza? Hakuikataza. Mama mkwe wako aliweka nadhiri, sawa, ni nadhiri yake, lakini mumeo hakuweka, na hakuna aliyemuuliza. Kiunoni kwenda juu mumeo yupo mzima: ana ulimi, ana pua, ana mabega, ana masikio yanayosikia kila kitu kupitia pazia. Mmelilia nusu yake iliyokwenda, na nusu iliyobaki mmeinyima chakula cha moyo.

Unadhani aligeukia ukuta kwa sababu ulikunywa. Soma tena ulichoandika. Aliuliza. Mtu mwenye wivu haulizi chai ilikuwa na nini. Alitaka umwambie ndiyo, ilikuwa tamu, tangawizi ilikuwa kali, mwenzangu wa kazini anatia kwa mkono mzito kama wewe. Alikuja kubisha hodi, nawe ukamwambia hakuna mtu. Hilo ndilo kosa lako, si kikombe.

Na hili la kusema wewe peke yako ndiye unayejua. Mama, mwenye miguu ndiye asiyejua? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ukimfinya anakutazama usoni. Anajua, na huenda alijua kabla ya daktari. Amelala pale anasikiliza watu anaowapenda wakimeza chai chungu kwa ajili ya miguu ambayo yeye ameshaizika, na kila kikombe kinamwambia tunakusubiri, na hana cha kuwapa. Halafu akamsikia mtoto wake akiuliza. Mtoto hakukosa adabu, usimwache aamini hivyo, mkumbatie na umwambie hakuna aliyemkasirikia kweli. Ila baba yake amemjibu. Amemjibu kwa kuacha kula.

Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza, mbele ya nadhiri, mbele ya mama mkwe, mbele ya aibu zako. Kesho omba ruhusa kazini, umrudishe hospitali, na umwambie daktari waziwazi "Mume wangu ameacha kula na naogopa ameamua kufa." Tumia neno hilo hilo. Usiende tena na subira mdomoni.

Lakini kabla ya kesho kuna leo. Ukifika nyumbani kaa kitandani kwake, si pembeni kwenye kiti, umwambie, "Ilikuwa na sukari. Nilikudanganya." Kisha umuulize anajua nini kuhusu miguu yake, na unyamaze. Usimkatize kwa "usiseme hivyo." Mwache aseme hivyo. Akilia, lia naye. Nyumba yenu imekaa siku nyingi bila kicheko na bila kulia pamoja, mmeketi tu mkisubiri.

Mama mkwe usimwambie peke yako jikoni. Nenda naye kwa daktari aambiwe na mwenye kazi yake, wewe ukiwa umemshika mkono. Ataumia, na huwezi kumkinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanamke huyu hana nguvu tena za kumbeba mwanawe mgongoni, akaona abebe nadhiri, basi usimcheke na usimwaibishe, na lile kopo usilishushe wewe. Mwache alishushe kwa mkono wake siku atakayoweza, na asipoweza, likae huko juu. Sukari ya mumeo nunua nyingine, duka halijafungwa.

Kwa dada yako nenda. Nenda ulale siku mbili, na binti yako, na urudi. Kuchoka si kukimbia, na mtu asiyepumzika mwisho hukimbia kweli.

La mwisho, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Mgeni wa hoteli usiyemjua, anayelala mara moja na kuondoka, analala juu ya shuka ulilolinyoosha kwa mkono wako likanukia sabuni na jua. Mumeo analala juu ya lililotolewa kambani likatandikwa na mikunjo yake. Toa pasi chini ya kitanda. Piga shuka lake pasi, lipime kwanza kwenye shavu lako lisiwe la kuunguza, mfunike nalo kuanzia mabegani, hapo ambapo bado anasikia. Usimhubirie. Usimwambie ashukuru. Kaa naye tu, na chai yenu wawili.

Sikudanganyi kwamba atasimama. Hatasimama. Kuna siku atakataa chai, atakataa shuka, atakutukana, nawe utatamani ule mlango wa kwenda kwa dada yako. Furaha niliyokuelekeza ni ndogo, na haidumu. Shuka litapoa kabla hujamaliza kikombe.

Likipoa, lipige pasi tena.