Mashine ya Baba Yako, Mkono Wangu

Orrin,

Supu ya maharage iko jikoni, ipashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye. Na usiguse maganda ya risasi mpaka nirudi!

Nisamehe ya asubuhi. Nilikukuta gereji umeshakata midomo ya maganda mia ya bunduki yangu, yale yaliyorefuka kwa kufyatuliwa, ili tuyajaze baruti na risasi upya. Ulikuwa unaizungusha kwa mkono ile mashine ya marehemu baba yako, halafu vidole vikakaza ukashindwa kufunga vifungo vya shati. Nikasema tununue ya mota. Ukanijibu, "Ya mota ni ya wavivu, Marlys. Mkono ndio unaoijua shaba ya ganda." Nami nikaropoka kwamba mkono wenyewe hauwezi hata kushika kikombe cha kahawa. Neno hilo liliniumiza mimi kuliko wewe.

~~Naenda mjini kununua ya mota, upende usipende.~~

Hapana. Nimempigia simu muuza bunduki. Anasema kuna kifaa cha kuiunganisha mashine kama yetu na drili. Unatoa mpini wa kuzungushia tu, drili inazungusha, wewe unaweka ganda na kupima kama kawaida yako. Mashine inabaki ya mzee. Naenda kukichukua. Chaji drili.

Mpini nitautundika ukutani, chini ya pembe za kulungu aliyempiga mzee mwenyewe. Na usibishe. Huo mkono wako nilikabidhiwa mimi, kanisani, miaka arobaini iliyopita. Sikukabidhiwa nigawane na maganda.

Mkeo,
ambaye bado anakushinda shabaha