Spika Kubwa za Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Mama anakusalimu, na kila siku anauliza kama tiketi ya kurudi umeshakata. Mimi ni mzima, ila jino moja la mbele sinalo tena, na ndilo lililonifanya nikae nikuandikie badala ya kukupigia.

Uliambiwa wezi waliingia studio yetu mimi na mumeo, wakavunja spika na kumpiga mumeo. Uliwalaani kwenye simu. Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Tulipouza kinanda cha studio tulipata hela ya vitu viwili tu, tena kwa kubana: kadi ya sauti, yaani kile kisanduku cha kuingizia maikrofoni kwenye kompyuta, na spika mbili za kusikilizia kazi. Nilimwambia shemeji achukue kadi ya maikrofoni mbili na spika ndogo, za inchi tano. Chumba chetu ni kama kabati. Ukiweka spika kubwa humo, besi inajazana kwenye kona mpaka hujui unachosikia. Nikampa na wimbo wako, ule uliourekodi kabla hujaondoka, nikamsihi aujaribu dukani, maana sauti yako tunaijua hata usingizini. Mimi nilikuwa na mteja, akaenda peke yake.

Alirudi na spika za inchi nane, anatabasamu kama bwana harusi. Muuzaji alimpigia muziki wa pale dukani, akafungulia sauti yote, kifua cha mumeo kikatetemeka, akalipa. Hela ya kadi ikaishia hapo. Wimbo wako hakuutoa hata mfukoni. Nilipomuuliza tutazichomeka wapi spika hizo, alisema kwenye simu yake, tena akanitania kwamba mimi muziki siusikilizi, naupima homa.

Dada, unanijua. Damu ilinipanda. Nilimpiga ngumi ya mdomo kabla hajamaliza kucheka. Akanirudishia kwa stendi ya maikrofoni, ndipo jino likaenda. Tuliangushana juu ya nyaya, nikamkaba, akaning'ata bega, nikasikia mtu analia, kumbe ni mimi. Nilipojinasua ningeweza kutoka nje, mlango ulikuwa wazi. Niliinyanyua spika moja kwa mikono miwili, nikampiga nayo upande wa kichwa kwa nguvu zangu zote, na nilitaka aumie. Damu ikamtoka sikioni.

Hakukuwa na mwizi yeyote. Hadithi ya wezi aliitunga mumeo akiwa bado kalala sakafuni, kwa sababu anakumbuka ulivyoapa siku ile nilipomvunja pua fundi baiskeli, kwamba nikiinua mkono tena mimi si ndugu yako.

Spika iliyobaki tuliiuza kwa hasara, tukajazia, tukapata kadi ndogo na spika ndogo za mtumba, zilezile nilizozitaka. Hazifichi kitu. Wiki iliyopita shemeji alianza kuuchanganya wimbo wako, yaani kusawazisha ala na sauti yako, anataka uusikie siku utakayofika. Alipotoka nikausikiliza. Kila kitu kimeegemea spika ya kushoto: gitaa, ngoma, hata sauti yako. Nikarekebisha. Kesho yake akaurudisha kushoto, akalalamika kwamba nimemharibia kazi. Nikasimama nyuma yake, nikamnong'oneza karibu kabisa na sikio lake la kushoto. Hakugeuka.

Kwako anasema sikio limepona, na mimi amenikataza nisiseme. Lakini naogopa utamnong'oneza neno usiku, hatajibu, nawe utadhani hakupendi tena. Hilo siwezi kulibeba juu ya haya mengine.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe kabla hujafika. Wasalimu wenzako wa kazini. Wimbo nimeuacha vilevile alivyouchanganya yeye. Ukifika, kaa kulia kwake muusikilize pamoja, na ukimwita, mwite kutoka upande huo. Ule mwingine nilimnyang'anya mimi.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utakubali kuniita hivyo,

Kiberiti