Maji Yale Yalikuwa ya Pipa

Mpendwa Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne, na mara nne nimeichana. Kila nikishika kalamu mkono unaandika wenyewe, "Tunayo furaha kubwa siku hii ya leo." Ndiyo ugonjwa wa kazi yangu. Miaka yote nimewaandikia watu furaha ambayo hawakuwa nayo, na leo nataka kuandika aibu yangu mwenyewe, sijui pa kuanzia. Basi nianze na debe.

Lile debe la mafuta lililobonyea ubavuni. Kila asubuhi mlishuka mtoni kina mama saba au nane, na wewe mbele yao unaligonga kwa kijiti ili viboko wasogee. Mimi nyuma nimeshika pindo la kanga yako. Wenzako walichota mmoja mmoja, wewe unaendelea kugonga, na hukuwahi kuchota kabla ndoo ya mwisho haijajaa. "Mwenye debe anajaza mwisho," ulisema nikilalamika njaa, maana uji wangu ulikuwa unasubiri maji hayo hayo.

Mama alikuwa ameshafariki na baba alikuwa machimboni, kwa hiyo nilikuwa wako. Lakini hukuniita mwanangu. Uliniita Baba, kwa kuwa nilirithi jina la babu, baba yako mzazi, na kwenye ukoo wetu anayerithi jina anarithi na heshima yake. Nina kamasi mpaka mdomoni, wewe unapiga goti mlangoni: "Umeamkaje, Baba?" Nilidhani ni utani. Nusu ulikuwa utani kweli.

Nilipoajiriwa Mpanda mjini kwenye mradi wa maji, ulikuja mtaa wa Kashaulili kuiona ofisi yangu. Ulikagua tai, ukakagua kamera, ukagusa kipaza sauti cha kubebea begani. Ukaniuliza kazi yenyewe inaitwaje. Nikakwambia, afisa uhusiano.

"Uhusiano wa nani na nani?"

"Wa mradi na wananchi, Shangazi."

"Kwani wamegombana?"

Ofisi nzima ilicheka. Hadithi hiyo niliisimulia miaka mingi kwenye semina, kama kichekesho cha shangazi yangu wa kijijini. Sasa naona ndilo swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale.

Kisha mradi ukafika kijijini kwetu, njia ya Sitalike. Tenki likapandishwa juu ya mnara, mabomba yakafukiwa, bomba la kuchotea likajengewa sementi nzuri. Kina mama wakakuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji bila hata kupiga kura. Aliyewalinda na viboko miaka yote hiyo, nani angeshindana naye? Kilichobaki ni pampu, na pampu ilikuwa imekwama Tabora ikisubiri behewa. Mgeni rasmi kutoka mkoani alikuwa ameshapanga siku.

Wazo lilikuwa langu, Shangazi. Wengi wanadhani nilitumwa. Sikutumwa na mtu. Nilisema tujaze tenki kwa mapipa, trekta lichote mtoni alfajiri, mgeni afungue bomba, maji yatoke, apige makofi, aondoke. Pampu ikifika tutaifunga kimyakimya. Wenzangu wakanisifu kwamba nina akili. Niliona fahari, siwezi kukuficha.

Ila risala ya wananchi ilitakiwa isomwe na mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti hakujua kusoma. Ukaja Kashaulili tena nikukaririshe. Ulileta chupa ya asali, ukakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Nilipofika kwenye sentensi ya "maji yanatoka tangu wiki iliyopita", ukanisimamisha.

"Mbona pampu haijaja?"

"Inakuja, Shangazi. Wiki mbili tu. Mgeni akikuta pakavu, mradi utahamishiwa kwa wengine."

"Na wale wenzangu niwaambieje?"

"Wanyamaze kidogo tu. Nyie si mnataka maji?"

Ukakunja pembe ya kitambaa cha meza, ukaikunjua. Halafu ukauliza taratibu, "Nikuulize. Hayo unasema wewe, au anasema Baba?"

Nilielewa vizuri sana ulichouliza. Kwetu aliyerithi jina anaweza kusema kwa kinywa cha mwenye jina, lakini kwa mambo mazito tu, kama mahari, msiba, au ndugu wakigombea shamba. Akishasema hivyo hakuna anayebisha tena. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na sikuwahi hata siku moja kuutumia mdomo huo. Siku ile niliutumia kwa ajili ya risala.

Nikasema, "Anasema Baba."

Ukashuka kwenye kiti, ukapiga goti hapo hapo kwenye sementi. Hapakuwa na utani usoni mwako. "Basi nifundishe hayo maneno," ukasema. Ukayashika yote kwa asubuhi moja, na hukuyakosea siku ya siku.

Kina mama nao ukawanyamazisha, kwa dhamana yako mwenyewe. Mgeni akafungua bomba, maji yakaruka, vigelegele vikapigwa. Nilikupiga picha unakunywa kwa viganja. Ya kwanza hukucheka, nikakwambia urudie. Ya pili nikakwambia tena, cheka kidogo, Shangazi. Ya tatu ukacheka. Jioni ile bomba lilikohoa, likakauka.

Pampu ilifika Mpanda kweli, mwezi uliofuata. Kikaitwa kikao cha kugawa vifaa. Kwenye faili la kijiji chetu kulikuwa na taarifa yangu na picha yako, kwa hiyo wakaamua pampu ipelekwe kijiji kingine, wakisema kwenu maji si yanatoka. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Ilikuwa ni kunyanyua mkono tu na kusema, maji yale yalikuwa ya pipa. Niliuangalia mkono wangu juu ya meza, na nikauacha ulale.

Wenzako walisubiri msimu mzima, kisha wakakuondoa kwenye kamati. Mama Esta, rafiki yako tangu usichana, ndiye aliyesimama kusema. "Sisi tulikuamini wewe. Huyo mtu wa mjini hatukumwamini." Ungeweza kusema, Baba aliniambia. Wangekuelewa wote, wanaujua uzito wake. Hukusema. Nilipokuja kukusalimu nikakuuliza kwa nini, ukanijibu bila kuniangalia, "Jina la baba yangu nilitaje kwenye uongo? Utasema mwenyewe siku moja." Nikaahidi nitasema.

Badala yake nikagombea udiwani. Unajua nilibandika picha gani. Ile ya tatu, unayocheka. Nikaibandika mpaka kwenye miti ya njia ya mtoni, ukawa unapita chini yake kila asubuhi na debe lako. Nikashinda kwa kura za vijiji vingine, watu wakanibeba juu juu. Wewe hukuja mjini kunipongeza, na mimi nikawaambia watu kwamba miguu inakusumbua. Miguu iliyokuwa inashuka mtoni kila siku.

Homa ikakuchukua kabla sijasema. Msibani nilifika na suti. Mshereheshaji, kijana asiyejua lolote, akatangaza, "Tunaye hapa mheshimiwa diwani wetu, mtoto wa marehemu, aliyetuletea maji." Shangazi, nilisimama. Niliinamisha kichwa kama mtu anayepokea shukrani, nikakaa. Na wakati huo huo kina mama walikuwa wanapita nyuma ya turubai na ndoo kichwani wakitoka mtoni, maana ugali wa msiba wako haukuwa na maji mengine ya kupikia. Nililetewa jagi ninawe. Ninawe nini? Nilinawa, nikala.

Baada ya mazishi nilimfuata Mama Esta, aliyebaki na debe lako, nikaomba anipe liwe kumbukumbu yangu. Akasema, "Debe ni la kazi, kesho litakwenda mtoni. Halafu mwenye debe anajaza mwisho. Wewe ulijaza kwanza." Siri ya mtungi muulize kata. Nadhani alijua yote tangu mwanzo, na alikuwa anangoja kama ulivyongoja wewe.

Tangu siku hiyo silali vizuri, na sisemi hivi ili unihurumie. Naona aibu. Kazini nimezoea kuiita "changamoto ya mawasiliano", lakini leo naiita kwa jina lake. Nilikudanganya kwa kinywa cha baba yako, nikaliuza jina lako kijijini, kisha kwa jina hilo hilo nikanunua kiti cha udiwani.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Nimeomba kusema, na wanadhani nitaleta risala. Nitaisoma barua hii nikiwa nimesimama chini ya tenki, bila kipaza sauti, neno kwa neno, na sentensi ile niliyoimeza kwenye kikao nitaisema ya kwanza. Nakala nimeshampelekea mwenyekiti wa halmashauri ili nisipate pa kurudi nyuma. Kiti wakikitaka wakichukue. Mama Esta nimemtumia salamu kwamba Jumatatu nitakuwa mtoni alfajiri, kama ataniruhusu kushika debe. Hajajibu.

Pumzika, Shangazi. Zamani barua nilizokuandikia nilikuwa namalizia kwa "Wako, Baba", ukisomewa unacheka mpaka machozi. Jina hilo nimeliweka chini. Siku mtakayoona ninyi mliotangulia kwamba nafaa kulibeba tena, mtanijulisha.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako tu.