Neno Nililomnyima Mdogo Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI (YA PILI, YAKIREKEBISHA YA JUMAMOSI)

Anafahamika kwa jina la: Mama Kitabu
Umri: miaka 46
Kazi: mnong'onezaji, ukumbi wa zamani wa michezo ya kuigiza
Makazi: chumba cha pili nyuma ya ukumbi huo
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 14 Julai, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Leo nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Jumamosi nilimwambia afisa jambo ambalo si kweli, na kwa ajili yake Fundi seremala amelala mahabusu siku mbili.

Ukumbi wetu uko mashambani, una miaka zaidi ya mia. Kuta ni za mawe, jukwaa ni la mbao. Kila kiangazi tunacheza wiki sita, na watu wanakuja kwa mabasi kutoka mjini. Kwa misimu kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa mwigizaji mkuu wa kike. Katika mchezo wa harusi, bibi harusi nilikuwa mimi.

Mwaka huu tulipata mwongozaji mpya. Mwezi wa tano aliniita akaniambia, "Dada, bibi harusi ana miaka ishirini na mitano. Tusiwadanganye watu." Nafasi yangu akampa mdogo wangu, wa tumbo moja, kitinda mimba wetu. Ana miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo hata yeye hiyo ishirini na mitano anaisikia tu. Mimi nikapewa kitabu cha mchezo na kiti pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia. Mwigizaji akisahau, namnong'oneza. Ndipo wakaanza kuniita Mama Kitabu. Nilicheka nao.

Mdogo wangu nilimlea mimi tangu mama yetu alipofariki, naye akiwa na miaka saba. Kuigiza nilimfundisha mimi, jikoni, huku akimenya viazi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa na ugomvi naye. Nilimwonea gere tu. Watu wakimpigia makofi, mimi nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo kama yamefika muda wa makofi yangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Julai, mchezo ulikuwa uanze saa tisa alasiri. Saa nane kasoro dakika tano, Fundi alinikuta nyuma ya jukwaa. Katikati ya jukwaa letu kuna shimo lenye kifuniko cha mbao. Kifuniko hufungwa kwa komeo upande wa chini, na katika mchezo huu hakifunguliwi. Fundi aliniambia, "Dada, komeo limekatika. Nimetegemeza kwa gogo, lakini gogo halitamhimili mtu anayecheza ngoma. Mwambie mdogo wako asikanyage katikati, achezee mbele. Mwambie na mwongozaji. Mimi nakimbilia dukani mjini, nikichelewa mtajua pa kupita."

Nilimjibu, "Sawa Fundi, nitawaambia." Hayo ndiyo maneno yangu. Akapanda pikipiki akaondoka.

Mwongozaji alikuwa nje akipokea wageni. Nilikwenda kwanza chumba cha kuvalia nguo, na nilikwenda kwa nia ya kusema. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mbele ya kioo changu, amevaa gauni langu lililopunguzwa kiunoni. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti akishona pindo, na wenzetu wawili walikuwa pale. Fundi cherehani alisema, "Sasa gauni limempata mwenyewe." Hakuniona mlangoni. Au aliniona, sijui.

Mdogo wangu aliniona kwenye kioo. Akasema, "Dada, jana ulininong'oneza kabla sijasahau. Watu wa mbele walikusikia. Leo kaa kimya mpaka nikutazame, tafadhali."

Mmoja akasema, "Mama Kitabu anataka kucheza akiwa amekaa." Wakacheka. Mdogo wangu naye alicheka, si sana.

Nikamwambia, "Sawa, nitakaa kimya." Nikatoka, na kwa mwongozaji sikwenda. Ilikuwa saa nane na nusu. Nilijiambia bado kuna muda, maana ngoma ya bibi harusi iko sehemu ya tatu.

Sehemu mbili za mwanzo alicheza bila kukosea. Hakunitazama hata mara moja. Saa kumi na dakika tano kulikuwa na mapumziko. Alisimama hatua tatu kutoka nilipo, akinywa maji, jasho linamtoka. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Pale pale mzee mmoja anayekuja kila mwaka alichungulia nyuma ya pazia, akanishika mkono, akasema, "Mama, mwaka huu mmetuletea bibi harusi kwelikweli." Nilimshukuru. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa ameshaingia jukwaani.

Ngoma ilianza saa kumi na dakika ishirini. Naijua kila hatua yake. Kuna hatua sita za pembeni, mzunguko mmoja, kisha anaruka na kutua katikati. Nilikuwa na kitabu mapajani, na kazi yangu ni kunong'ona. Neno lenyewe lilikuwa "simama". Kwenye hatua ya nne niliinuka. Kwenye mzunguko alipita akiniangalia usoni, akatabasamu, kama alivyokuwa akifanya jikoni alipopatia. Sikusema.

Kifuniko kilishuka upande mmoja, naye akaenda nacho. Watu walipiga makofi kwanza, wakidhani ndiyo mchezo.

Niliruka jukwaani kabla ya wote. Alikuwa chini, mguu wa kulia umepinda, akiita, "Dada! Dada!" Niliteremka kwa ngazi nikamshika kichwa mpaka gari lilipokuja.

Fundi alirudi saa kumi na dakika arobaini. Komeo jipya lilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa amecheleweshwa na pancha. Saa kumi na moja na nusu afisa alitukusanya, akaniuliza, "Fundi anasema alikupa taarifa. Ni kweli?"

Nilijibu, "Hakuniambia kitu."

Fundi hakubishana. Aliniangalia akasema, "Dada?" Basi. Wakamchukua.

Jumapili asubuhi saa mbili nilikwenda hospitali. Mguu umevunjika mahali pawili, na kifundo cha mkono pia. Mdogo wangu alisema, "Dada, watu wameshakata tiketi. Ingia wewe. Maneno unayajua kuliko mimi." Kisha akasema, "Lakini yule Fundi simsamehe mpaka naingia kaburini." Nilimtengeneza mto.

Afisa ameniuliza kama nilicheza. Nilicheza. Gauni lilifumuliwa kiunoni asubuhi hiyohiyo, na kifuniko kikapigiliwa misumari. Saa tisa ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Nilicheza vizuri, sitadanganya na hilo. Mwisho waliinuka wote, na nilifurahi. Naomba liandikwe kwamba nilifurahi.

Nilipotoka, saa kumi na moja na robo, mke wa Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kapu la chakula. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza, "Dada, wewe umewahi kuongea na askari. Wanaruhusu kumpelekea mtu chakula?" Nikamwambia wanaruhusu. Akasema, "Hongera kwa mchezo. Nilikaa nyuma kabisa nikikusubiri." Akaenda zake. Chakula changu siku hiyo sikukigusa.

Afisa ameniuliza kama nilitaka mdogo wangu aumie. Nimejibu hapana. Nilitaka akosee. Nilitaka asahau neno mbele za watu, anigeukie, nami nimpe. Afisa ameniuliza ni kwa nini basi sikusema alipoanza kuruka. Jibu langu ni kwamba aliniomba nikae kimya, nami nikaona raha kumtii.

Fundi hana kosa. Alitoa taarifa, na aliyeipokea ni mimi. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo nilivyoyasema.

Sahihi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA
Nimeyaandika maneno haya kama yalivyotamkwa. Shahidi alionywa katikati ya maelezo kwamba anaweza kushtakiwa na kwamba halazimiki kuendelea. Alisema anaendelea. Fundi seremala ameachiwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Shahidi amebaki kituoni kwa mahojiano zaidi. Alipoulizwa nani ajulishwe, alimtaja mdogo wake, akakataa tupige simu, akaomba karatasi aandike mwenyewe. Amepewa karatasi na kalamu saa nne na nusu. Sasa ni saa saba mchana. Karatasi ina maneno mawili: "Mdogo wangu".