Simu za Kaka, Zilizofunguliwa Nusu

Jumamosi, 4 Mei

Mama ameamua. Simu za Kaka zinauzwa. Zote.

Alisema asubuhi huku akikata uzi kwa meno, bila kunitazama, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Chumba cha mbele kimekaa bure tangu Kaka aondoke, na Msusi wa nyumba ya pili anakitaka. Ameshakuja kukipima — kwa mikono! Alinyoosha mikono ukuta hadi ukuta, akasema hapa viti viwili na kioo kimoja, safi kabisa. Halafu akanigeukia: wewe mtoto, utaongea lini? Siku utakayoongea nakusuka bure. Mama akacheka. Mimi nikatazama miguu yangu.

Nilitaka kusema Kaka alituambia tusiguse meza yake. Nilisema kweli, ila walikuwa wameshatoka nje.

Baadaye nikamwambia Mama peke yake. Akasema, "Mwanangu, kaka yako yuko ng'ambo, anafanya kazi kwenye ghala kubwa. Siku akirudi atarudi na mpya. Hizi mbovu atazitaka za nini?"

Za kumalizia. Alisema anarudi kuzimalizia. Zikiondoka, atarudi kumalizia nini?

Jumapili, 5 Mei

Kaka hajapiga. Jumapili iliyopita pia hakupiga. Mama anasema kazi za zamu hazijui Jumapili.

Nimefuta vumbi mezani kwake kama kawaida. Maboksi ya viatu yako palepale chini ya meza, yamejaa simu zilizokufa. Nyingine wateja walileta wakazisusa, nyingine alizinunua hivyo hivyo mbovu ili apate spea. Kila moja ina kipande cha plasta mgongoni na jina alilobuni mwenyewe. Mama Mayai. Jamaa wa Kofia. Bwana Kesho — huyu kila siku alikuwa aifuate kesho. Nimezitoa zote, nimezifuta, nimezirudisha.

Nilizoea kukaa hapa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namsomea kwa sauti, yeye analehemu. Riwaya. Magazeti ya zamani. Hata kitabu cha jiografia! Alikuwa anasikiliza kweli. Aliniita Kamusi. "Kamusi, rudia hapo, moshi umeniingia masikioni." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia nirudie. Shuleni nikiongea wanaulizana nani kasema.

Jumanne, 7 Mei

Mnunuzi wa chakavu amekuja. Wanamwita Mizani, maana anapima kila kitu kwa macho kabla hajakiweka kwenye mizani yenyewe. Na mimi alinipima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamwambia Mama: huyu mwepesi, mlisheni.

Mama akamwuliza kama simu tuzifungue kabisa, kila kitu mbali mbali, ili kumrahisishia. Mizani aliruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Nusu! Mama, nusu! Mimi kuku mwenye manyoya simtaki, na kuku aliyetolewa firigisi simtaki!"

Akachukua moja kwenye boksi la juu, akanionyesha. Unatoa mfuniko. Unatoa betri, betri zina gunia lake, na ukikuta iliyovimba usiichokoe kamwe, itakuwakia usoni, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Unalegeza skrubu, unanyanyua ganda hadi bodi ya kijani ionekane. Basi! Mikono juu. Bodi unaiacha palepale ilipozaliwa. Kwa sababu dhahabu — ipo kidogo, chembe tu — iko kwenye bodi, na bodi akiikuta peke yake hajui nani ameshaikwangua. Ikiwa ndani ya simu yake anaona haijaguswa. Simu ndogo za vitufe anazipenda kuliko zile za kugusa. Hizo, amesema, ni kioo na majivuno.

Nikacheka. Kwa sauti! Mama akanigeukia kama vile paka ameongea.

Mizani atarudi Jumamosi. Kwa pesa hizo Mama anataka kuweka mota kwenye cherehani. Goti lake halitaki tena kukanyaga. Kazi ya kufungua ameniachia mimi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nakaa na Kaka. Ameniachia kwa upole. Angeniamuru ningeweza kununa.

Jumatano, 8 Mei

Mwalimu wa kemia alisema tukae wawili wawili. Nilishahesabu, tulikuwa tunagawanyika vizuri kabisa. Lakini wasichana watatu wa dirishani walikataa kuachana. Nikafanya jaribio na mwalimu. Ni mtu mwema, hakusema kitu. Hilo ndilo lililouma.

Jioni nimemaliza boksi la juu. Kazi tamu, sikutegemea. Mkono wangu mzito lakini, nimekwaruza karibu kila ganda. Bisibisi inateleza. Kaka ikimteleza alikuwa anaiomba radhi. Nami nimeiomba radhi, nikaona nimekuwa kichaa, naongea na bisibisi.

Ndani zinanuka kama yeye akiingia kula. Risasi iliyoyeyuka, na vumbi la moto.

Alhamisi, 9 Mei

Sijui niandikeje. Nianze kama ilivyokwenda.

Boksi la pili. Simu ya Mama Mayai ilikuwa ya kwanza. Nikatoa betri, nikalegeza skrubu, nikanyanyua ganda. Hamna bodi.

Nilidhani nimeidondosha. Nikapiga magoti, nikapapasa sakafu yote, nikakung'uta hadi sketi ya shule. Hamna. Halafu nikaangalia vizuri. Mahali pa bodi palikuwa na kipande cha sponji ya bluu, kimekatwa kwa wembe, kimekaa sawasawa, hakitikisiki.

Nikafungua Jamaa wa Kofia. Bluu. Bwana Kesho. Bluu. Boksi lote. Boksi la chini hivyo hivyo. Na skrubu zote zilikuwa mahali pake! Plasta mahali pake. Betri ndani, mfuniko juu.

Kipande kimoja kilikuwa na mistari. Ile mistari ya chini ya ndala. Ni ndala yangu! Ya kushoto, iliyopotea wiki ile Kaka anajiandaa kuondoka. Nilimsingizia mbwa wa jirani. Na Kaka alinisaidia kuitafuta! Aliingia hadi chini ya kitanda changu, anaita, "Ndala, weh ndala, toka, hatukupigi."

Nimecheka kidogo. Halafu basi.

Nafikiri kwa utaratibu, kama kwenye hesabu. Bodi aliziuza, ndipo ilipotoka nauli. Sawa. Zilikuwa zake. Simlaumu kwa hilo hata kidogo. Lakini ganda tupu si unalitupa? Yeye alikaa hapa, pengine mimi nikiwa shule, akakata sponji, akaijaza, akarudisha skrubu moja moja. Ili ganda lisibonyee. Ili vitufe visicheze ndani mtu akiishika. Na nani alikuwa anazishika? Mama hagusi. Wateja walishaacha kuja. Anayezishika ni anayefuta vumbi.

Ni mimi. Aliniandalia mimi.

"Narudi kuzimalizia." Hapakuwa na cha kumalizia. Alijua, siku ile mlangoni, begi begani, anasema vile.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Mama. Siyo ukweli.

Nimesema nilijisahau nikafungua zaidi ya nusu. Kwamba boksi la pili na la chini nilitoa bodi zote, nikazifunga kwenye gazeti, gazeti likaenda na taka, na gari la taka limeshapita. Niliifanyia mazoezi bafuni. Sijawahi kumwambia Mama maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Mwanzoni nadhani alishangaa maneno tu, bodi zikamfikia baadaye.

Akaweka mkasi chini.

"Vitabu vyote hivyo," akasema. "Vitabu vyote hivyo nyumba nzima, na nusu imekushinda?"

Kisha akasema mota basi tena, tutaona mwakani. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alirudi kwenye cherehani. Nilimwona akishika goti kabla ya kukanyaga.

Kwa nini nimefanya hivi? Ningeweza kumwonyesha sponji tu, nikamaliza. Lakini Mama kila mteja anayekuja kupimwa anamwambia habari za kijana wake. Atarudi, atafungua duka kubwa la simu, lenye vioo. Anasema hivyo na futi kiunoni mwa mtu. Wateja wameshachoka, yeye hachoki. Nilisimama pale na kipande cha ndala kiganjani, nikaona siwezi.

Huo ni upande mzuri wa jibu. Upande mwingine: nikimwambia Mama, tutakuwa wawili tunaojua, na kitu kikijulikana na wawili hakiwezi tena kuwa kosa langu la kufikiri. Nikiwa peke yangu, labda nimekosea hesabu mahali.

Vipande vya ndala nimevitia kwenye mfuko wa shule, chini ya kitabu cha kemia.

Jumamosi, 11 Mei

Mizani amekuja na mkokoteni. Boksi la juu alilipokea akiimba. Kisha akafika kwenye maganda matupu, akaacha kuimba.

"Na hizi? Firigisi ziko wapi?"

Mama akanisonta kwa kidevu. "Muulize msomi."

Msusi alikuwa ameshafika na kioo chake, hakungoja hata meza itoke. Akaangua kicheko. "Kumbe ndiyo maana haongei! Mdomo umejaa bodi!" Wote wakacheka, hata Mama kidogo. Nikatabasamu. Nimegundua nikitabasamu mapema watu huacha haraka.

Mizani hakucheka. Aligeuza ganda moja kwenye mwanga. Akachukua jingine, la boksi la juu, akayaweka pamoja. Mama alipoingia ndani kutafuta gunia, na Msusi akiwa anahangaika na msumari ukutani, akainama kwangu.

"Binti. Hizi za juu umezikwaruza zote. Kama zimepigana na paka. Hizi tupu hazina hata mkwaruzo."

Akapitisha kidole juu ya ganda.

"Aliyetoa bodi hizi ni fundi, na hakuwa na haraka. Ni kaka'ko?"

"Ni mimi, mjomba."

Alinipima tena kwa macho. Safari hii sijui alipata uzito gani. "Haya," akasema. "Ni wewe." Na Mama aliporudi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba maganda atayachukua kama plastiki, na kwamba watoto wote wanaharibu, wake mwenyewe aliwahi kupasua redio nzima kutafuta mtangazaji.

Nilitaka kumshukuru. Alikuwa ameshashika mkokoteni.

Meza ya Kaka imetolewa uani. Haikupita mlangoni ikiwa nzima, ilibidi miguu ing'olewe. Chumba cha mbele sasa kinanuka mafuta ya nywele.

Jumapili, 12 Mei

Kaka amepiga!

Tulikuwa tunakunja nguo. Namba ndefu ya ng'ambo. Mama alipiga kelele kabla hata hajapokea. Mimi nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikasema nina kazi ya shule. Ndiyo hii. Ukuta ni mbao nyembamba, nasikia yote ya Mama. Ya Kaka siyasikii.

Mama anamweleza habari zote. Goti. Mvua. Msusi na viti vyake. Unakula lakini? Baridi ikoje? Anapaza sauti kama vile ng'ambo ni ng'ambo ya barabara.

Sasa amefika kwenye simu. "Tumeziuza, mwanangu, usikasirike, zilikuwa zinakula chumba tu... Hapana, si zote, nyingi zimeharibika. Mdogo wako. Kazifungua kupita kiasi, katoa bodi zote, katupa. Boksi mbili... Nani? Yeye. Si amesema mwenyewe, kwa mdomo wake! Kasema ni yeye."



"Halo? Halo! Unanisikia? Ah, mtandao huu!"

Haujakatika. Simu ya Mama ikikatika inalia. Hailii.

Kwa hiyo sasa anajua nimezifungua. Anajua nimeona ndani. Na anajua nilichomwambia Mama. Amesimama mahali fulani kwenye baridi, ghala nyuma yake, na anajua.

Mama bado anasema halo. Anaitikisa simu, nasikia bangili.

"Eh! Upo! Nilidhani umepotea... Nini? Ongea, sauti imekuwaje?... Haya. Haya, nampa."

Ananiita. Anasema kaka'ko anakutaka. Anasema anataka wewe peke yako, mimi nitoke. Anacheka, siri gani hizo jamani, na mimi ndiye niliyewazaa! Amefungua mlango wa uani. Ametoka. Simu amesema ameiacha juu ya nguo zilizokunjwa, iko hewani.

Nimesema naja. Sijainuka. Kupitia ukutani sasa namsikia na yeye, kidogo sana, hajui Mama ameshatoka, anasema, "Mama? Mama, usimgombeze," na anarudia, "usimgombeze," na mimi naweka kalamu chini